Kuku wa Njia

Sisi wa upande wa Ndalu tuna miji miwili. Ukiugua unaenda Kitale, kwa sababu ndiko karibu na ndiko kwenye madaktari. Ukiwa na neno la shamba unaenda Bungoma, kwa sababu ndiko faili za ardhi zinakolala. Mama yangu alipatwa na yote mawili kwa wakati mmoja, mguu na shamba, na mimi nikawa mtu wa safari, leo huku, kesho kule. Naandika haya kwa sababu watu wengi wa kwetu wako kama sisi tulivyokuwa, na hawajui. Tena naandika kwa sababu sina hakika kama nilifanya vizuri. Nikiyapanga labda mtu mwenye akili kunishinda ataona pale nilipokosea.

Mguu kwanza. Mama ana sukari. Kidonda kilianza kwenye kisigino, kidogo kama punje ya mahindi, kikakataa kupona. Daktari wa Kitale alimwambia aje kila wiki kisafishwe, asikose hata mara moja, kwa maana kidonda cha sukari kikiachwa kinakula mpaka mfupa, na hapo kazi inakuwa ya msumeno. Alisema hivyo hivyo, msumeno, bila kupunguza sauti. Mama akacheka.

"Daktari, mimi si mti."

Lakini tulipotoka nje aliniuliza kama kweli wanaweza.

Basi kila wiki mwenye boda alikuja mpaka mlangoni, tukampandisha mama, mimi nyuma nikimshika kiuno, tukatoka kwa njia. Hiyo njia ndiyo iliyotuletea haya yote.

Shamba letu liko ndani, haligusi barabara. Baba yangu na rafiki yake walinunua kipande kimoja pamoja wakiwa vijana, wakakigawa wenyewe kwa kamba. Rafiki akachukua upande wa mbele, unaogusa barabara ya maramu, kwa sababu alitaka kufungua duka. Baba akachukua upande wa nyuma kwa sababu ya chemchemi. Kila mmoja aliamini amempunja mwenzake kidogo, na labda ndiyo maana walipendana mpaka mwisho. Njia ya kutoka kwetu ikapita katikati ya shamba la rafiki, pana kiasi cha mkokoteni wa ng'ombe. Hakuna aliyeiandika. Sabveya alipokuja baadaye kupima ili hati zitoke, alipima mipaka akaondoka. Nani angemwambia habari ya njia? Si aliingia kwetu kwa hiyo hiyo, akanywa chai, akatoka nayo.

Ila desturi ilikuwepo. Kila mwaka kabla ya kulima, mvua zikianza kunukia, mama alichagua kuku mzuri, akamfunga miguu, akaenda kwa yule rafiki wa baba kuomba njia. Hakuna siku tuliyoogopa kukatazwa. Ilikuwa heshima tu. Kwetu huwezi kukanyaga shamba la mtu mwaka mzima halafu unyamaze kama ng'ombe. Mzee alikuwa akimpokea kuku na kumpima uzito kwa mkono.

"Shemeji, kuku gani huyu? Wa mwaka jana alikuwa na mafuta. Huyu atakufikisha nusu ya njia."

"Hiyo nusu nyingine nitaruka," mama anamjibu.

Wanacheka, kuku anachinjwa, mzee anakula firigisi kama mwenye boma, na mama anarudi na paja moja kwenye sahani iliyofunikwa, ili asirudi mikono mitupu. Siku ya kulima ikifika unamsikia mzee akimpigia kelele dereva wa trakta: "Wewe! Ukifika kwa njia ya shemeji, inua plau!" Na plau inainuliwa, ule ukanda unabaki mgumu katikati ya udongo mwekundu uliogeuzwa, na sisi tunapita.

Baba alipofariki mama aliendelea. Sikumbuki mwaka aliokosa. Hata ule mwaka ugonjwa ulipomaliza kuku wa kijiji, alienda mpaka sokoni Kamukuywa kutafuta mmoja, akarudi jioni amemkumbatia kama mtoto.

Kisha mzee naye akafariki. Watoto wake wako mijini na hawataki jembe, wakauza. Siwalaumu. Hata mimi ningekuwa na kazi yangu ya mjini sijui kama ningerudi.

Aliyenunua ni mwalimu mkuu mstaafu kutoka Bungoma. Huyu nataka nimwandike sawa, kwa sababu ni rahisi sana kumwandika vibaya. Alinunua kwa jasho lake. Kabla ya kulipa alienda ofisi ya ardhi kuangalia kama shamba lina neno, akaambiwa halina neno. Alipohamia alitembelea majirani wote na kujitambulisha, sisi tukiwemo. Mwaka wa kwanza mama alimpelekea kuku kama kawaida, akiwa bado anatembea na fimbo. Mwalimu aliona haya.

"Mama, usijisumbue. Sisi ni watu wa nyumba moja."

Lakini alimpokea, mkewe akapika, na mama akarudi na paja lake. Tukasema, Mungu ametupa jirani.

Mwaka wa pili Mwalimu alileta ng'ombe wa gredi. Alfajiri moja wezi wakaja na pikipiki, wakapita kwa ile njia yetu kwa sababu ilikuwa wazi huku na huku, wakampiga mchungaji wake mzee karibu kumuua, wakaondoka na mitamba wawili. Wiki iliyofuata vibarua walikuwa wanachimba mashimo ya posti. Seng'enge ikavutwa kuzunguka shamba lote. Pale njia ilipoanzia upande wetu, na pale ilipotokea barabarani, aliacha kipenyo cha kukunja kona, mtu mmoja anapita kwa upande, ng'ombe hawezi. Na pikipiki haiwezi.

Nilienda kumwona.

"Mwalimu, mama hatembei."

"Najua, dada, na sikulala nikifikiria hilo. Lakini nikiacha njia ya pikipiki nimeacha njia ya wezi. Wewe niambie, ungekuwa mimi ungefanyaje?"

Jibu la swali hilo mpaka leo sijalipata lote. Nilisema tu aweke geti. Akasema geti linataka mtu wa kulifungua na kulifunga, na mchungaji wake ni yule aliyevunjwa mbavu.

Basi tukaanza kumbeba mama. Waendesha boda wawili walikuwa wanaacha pikipiki barabarani, wanakuja kwa mguu, wanamkalisha kwenye kiti cha plastiki, na kwenye kipenyo wanamwinua juu ya waya.

"Kukhu, shika imara," mmoja anamwambia, kama mjukuu anavyomwita bibi yake kwetu, "leo unapanda ndege."

"Na mhudumu wa ndege mbona ananuka petroli?" mama anamuuliza.

Wiki za kwanza ilikuwa hivyo, tunacheka. Halafu mvua ikaja. Udongo wa kwetu ukilowa unateleza kama mlenda. Mmoja aliteleza akiwa ameinua mguu wa kiti, na mama akaangukia seng'enge kwa mguu ule ule mbaya. Hakulia. Aliniambia nimfunike goti, kwa sababu wanaume wanaona. Kidonda kikafunguka upya, na daktari akaniangalia mimi, si yeye. Baada ya hapo wale wa boda wakawa na udhuru. Mmoja simu imezima, mwingine yuko Kachibora. Siwezi kuwalaumu, mgongo ni wao.

Nikaenda Bungoma kwa wakili. Mimi nilisoma mpaka darasa la saba, na ofisi zinanitisha, lakini huyu alikuwa kijana mpole, na ofisi yake ndogo iko juu ya duka la mbegu, kunanuka dawa ya mahindi, nikajihisi niko nyumbani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakunja kidole.

"Mama, haki ya kupita kwenye ardhi ya mtu haitoki kwa huruma. Inaweza kuandikwa, mwenye ardhi anasaini, inasajiliwa juu ya hati yake. Hapo hata akiuza, anayenunua anaikuta kama anavyokuta kisima. Mnayo?"

"Hatuna."

"Sawa. Inaweza kuja kwa miaka. Mkipita miaka ishirini na zaidi, mchana, wazi, bila fujo, mkipita kama watu wa haki yao, sheria inasema sasa imekuwa haki."

"Tumepita zaidi ya hiyo. Mimi nimezaliwa nikaikuta."

Akafurahi. Akavuta karatasi, akaanza kuandika, akauliza bila kuinua macho, kama mtu anayeuliza kitu kidogo tu, "Na hamkuwahi kuomba ruhusa?"

"Tuliomba."

"Mara moja, mwanzoni?"

"Kila mwaka. Na kuku."

Kalamu ikasimama. "Kila mwaka?"

"Wakili, mtu anapitaje kwa mtu bila kuomba? Si huyo ni mwizi?"

"Mbele ya sheria, mama, huyo ndiye anayepata haki." Alisema polepole, hakuwa ananicheka. "Mnaona? Mkiomba kila mwaka, kila mwaka mnakiri kwamba njia si yenu. Mwenyewe anaweza kukataa mwaka wowote. Yule mzee alikubali mpaka akafa. Huyu amekataa."

Nilimwona mama na sahani yake iliyofunikwa, mwaka baada ya mwaka, anarudi akiimba, na kila akirudi ametufungia mlango kwa nje bila kujua. Nimelifikiria sana hili baadaye, na kwa haki lazima niseme sheria ina maana yake. Kama kila wema wa mtu ungegeuka kuwa mali ya aliyetendewa, nani angempa jirani njia hata siku moja? Hilo naliona. Lakini kuona hakunisaidii.

"Nani anajua habari ya kuku?" wakili akauliza.

"Kijiji kizima."

"Huyo mwalimu anajua?"

"Alimla mmoja."

Akacheka kidogo, akajizuia. Akaniambia hanifundishi kudanganya, hiyo si kazi yake, ila katika mambo haya mtu hujibu alichoulizwa, haongezi. Akasema tuanze kwa naibu wa chifu, tukizungumza vizuri pengine Mwalimu atakubali kuandikiana. Akasema pia mahakama inaweza kumfungulia njia mtu ambaye hana pa kutokea kabisa. "Lakini lazima iwe hana kabisa. Nitaangalia ramani."

Nilirudi na jambo moja kifuani: nimwambie mama asitaje kuku, au nisimwambie? Nilimwona anaosha uso, anajipaka mafuta, anauliza kama siku ya kikao itakuwa na jua. Nikimwambia, nimemfundisha kusema uongo akiwa uzeeni, yeye ambaye alitupiga kwa kudanganya kuhusu sukari guru. Nisipomwambia, nimemwacha aende kujifunga mwenyewe. Nilifika mara nyingi mpaka mlangoni kwake na maneno mdomoni. Sikumwambia. Kama kuna pale nilipokosea, nadhani ni hapo. Siku nyingine nadhani ni hapo tu nilipofanya sawa.

Kikao kilikuwa kwenye ofisi ya naibu wa chifu, chumba kimoja chenye benchi mbili. Mama alifika kwa kiti. Mwalimu aliinuka akamsaidia kukaa, akampa koti lake alikalie. Mzee wa kijiji alisema njia ile ni ya tangu zamani na kila mtu anajua. Mwalimu hakubisha. Alitoa hati yake na nakala ya ramani, akasema kwa sauti ya darasani, "Sikatai kwamba walipita. Nauliza tu, walipita kwa haki gani?"

Naibu wa chifu akamgeukia mama. "Mama, sema wewe."

Na mama, aliyekuwa amengoja siku hiyo, akakaa wima.

"Mimi sikupita kama mwizi," akasema. "Uliza mtu yeyote hapa. Kila mwaka nilienda kuomba. Kila mwaka nilibeba kuku. Marehemu alinipa ruhusa kwa mdomo wake, kila mwaka, na huyu Mwalimu mwenyewe nilimwomba akanipa. Mwalimu, nasema uongo?"

"Husemi uongo, Mama," Mwalimu akajibu, taratibu sana.

"Haya. Basi si mmesikia?"

Akatuangalia mmoja mmoja, amemaliza, ameshinda. Hiyo ndiyo silaha aliyoiweka kwa mwisho. Mzee wa kijiji alikuwa anatikisa kichwa kwa kukubali, kwa sababu naye hakujua, kwake ule ulikuwa ushahidi safi kuliko wote. Naibu wa chifu aliandika. Mwalimu alikuwa anaangalia viatu vyake. Nadhani alielewa kabla yangu mimi kukumbuka kwamba yeye ni mtu wa kusoma, na nadhani haikumpendeza kushinda hivyo. Hakutumia neno hilo siku hiyo hata kidogo. Alisema tu suala hili ni la ofisi ya ardhi, tuache wenye kazi waangalie.

Njiani mama aliniuliza, "Umeona alivyonyamaza?"

"Nimeona, Mama."

Ramani ikaangaliwa. Na hapo ndipo nilipojua kwamba tunayo barabara. Iko kwenye karatasi, mistari miwili safi, upande wa chini wa shamba letu, inashuka kwenye kinamasi cha chemchemi ile ile aliyoipenda baba, inavuka, inatokea barabarani upande wa pili. Aliyeichora alichora akiwa mezani, au alipita wakati wa kiangazi kikali. Hakuna mtu amewahi kuitumia. Wakili akaniambia kwa simu kwamba hilo limetuharibia. Mahakama haitasema hatuna pa kutokea wakati ramani ya serikali inaonyesha pa kutokea. Akasema tunaweza kudai ifunguliwe. "Ni haki yenu hiyo, mama, hakuna wa kuwapinga."

Nilienda kuitafuta haki yetu kwa miguu. Nilivua viatu nikaingia, maji yakanifika magotini, matope yakanivuta. Nikavuka nikashika mikaratusi ya mtu. Ng'ambo, juu ya barabara yetu ya karatasi, kuna mjane, na nduma zake zimejaa mpaka ukingoni, majani makubwa yanang'aa. Jiko lake na nusu ya chumba anacholala viko ndani ya ile mistari miwili. Alinikuta nimesimama kwa nduma zake, miguu inadondoka matope.

"Umepotea, dada?"

"Hapana. Nilikuwa naangalia tu."

"Unaangalia nini?"

Nikamwambia. Ningeweza kutosema, lakini angesikia kwa wengine. Hakupiga kelele. Alikaa chini palepale kwenye ukingo. Akasema marehemu mume wake alionyeshwa hapo na aliyemuuzia, na hakuna aliyewaambia ni barabara. Kisha akaanza kunichimbia nduma. Nilikataa, akaendelea kuchimba, akaniwekea kwenye gunia. Nilielewa anachofanya. Alikuwa ananiomba.

Nilizipika jioni hiyo. Mama aliuliza zimetoka wapi, nikamweleza yote, ramani, mjane, na mwisho nikamweleza na habari ya kuku, kwa sababu niliona sasa hakuna tena cha kuharibika. Alikula polepole. Akasema kuhusu mjane, "Hapo mwache." Kuhusu kuku hakusema neno mpaka nilipotoa sahani.

"Kwa hiyo ningepita tu kimya kimya."

"Ndivyo sheria inavyosema."

"Kama fisi."

"Mama, si wewe uliyekosea."

"Najua si mimi," akasema kwa hasira. "Nauliza tu." Lakini aligeukia ukuta, na siku zilizofuata nilimsikia akihesabu miaka kwa vidole chini ya blanketi, huyo nilimpeleka mwaka wa mtoto fulani kuzaliwa, huyo mwaka wa njaa.

Mwalimu akaja mwenyewe na pendekezo. Atafungua waya huku na huku, aweke mageti mawili madogo yenye kufuli, na siku za hospitali tumpigie simu, naye atampa mchungaji ufunguo afungue. Ila tuweke sahihi karatasi. Karatasi ilisema tunakubali kwamba hatuna haki yoyote ya kupita, kwamba tunapita kwa hisani yake, na kwamba anaweza kuiondoa wakati wowote. Nilimsomea wakili kwa simu. Akasema, "Mkisaini, mmefunga mlango wa mwisho." Nikamuuliza kama tusiposaini kuna mlango upo wazi. Akasema kesi huchukua miaka. Kidonda hakikuwa na miaka.

Mama alipaka wino kidole gumba. "Si ni kuomba tu kama zamani?" akasema. "Tofauti nini?"

Tofauti niliiona lakini sikuweza kuisema vizuri, na hata sasa siwezi. Yule mzee angemkatalia mama, angekosa kitu naye. Angekosa kicheko, angekosa uso wake kanisani. Huyu hakosi kitu akikataa. Lakini hata hilo labda namwonea, kwa sababu hakukataa. Wiki nyingi mageti yalifunguliwa, mchungaji mzee akija mbio huku ameshika mbavu, na Mwalimu akisalimia kutoka barazani.

Halafu siku moja simu yake ikawa imezimwa. Nilipiga tangu kulipokucha. Mwenye boda alikuwa ameacha pikipiki barabarani, akaja kwa mguu mpaka kwetu. Mchungaji alikuja akasimama ndani ya geti, ananiangalia kupitia waya.

"Ufunguo ameenda nao, mama yangu. Alitoka jana na haraka, mtoto wake amelazwa Bungoma."

"Huna mwingine?"

"Sina. Nikikata waya nimefukuzwa. Wewe unajua nina miaka mingapi. Nani ataniajiri?"

Mwenye boda akasema tukate tu, tutaeleza baadaye. Mama, akiwa kwenye kiti chake, akasema hapana. Alisema tumesaini. Mimi nilikuwa nimeshashika koleo, nakiri, na ningekata. Lakini mchungaji alikuwa ananiangalia na mama alikuwa ananiangalia, nikaliweka chini. Mwenye boda mwingine wa kusaidiana kumbeba juu ya waya hakupatikana. Tulirudi ndani. Wiki iliyofuata mvua ilinyesha usiku na mchana, na nyumba ya mchungaji ilikuwa imefungwa kwa kufuli, hata yeye hayupo. Mwalimu alirudi baadaye, amekonda, mtoto amepona, akaja kwetu moja kwa moja kabla hajaingia kwake, akaomba msamaha akiwa amesimama mlangoni. Naamini alikuwa anamaanisha. Kidonda kilikuwa kimeanza kunuka.

Kitale walikata vidole na sehemu ya wayo. Daktari alisema ameokoa kilichobaki, na kama tunataka kibaki, mgonjwa akae karibu na hospitali, mahali pikipiki inafika, asirudi kule ndani. Ndugu yangu amepanga chumba nyuma ya soko, akatuachia nusu. Mama ana shamba lenye hati kwa jina lake, lenye chemchemi na kaburi la mume wake, na analala nyuma ya pazia kwenye chumba cha mtoto wake, anasikia redio za watu watatu kwa wakati mmoja. Mimi naenda nyumbani kwa siku moja moja kupalilia na kulisha kuku. Napita kwenye kipenyo kwa upande, na begi juu ya kichwa.

Mwalimu alikuja kumtazama pale Kitale. Alileta maziwa ya ng'ombe wake na mkate, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa kwa sababu kiti ni kimoja. Waliongea vizuri, mahindi, mvua, mtoto wake. Kisha mama akamuuliza, bila chuki, kama mtu anayeuliza nauli:

"Mwalimu, siku nikifa, wanangu watanipitisha wapi?"

Mwalimu aliweka kikombe chini. Macho yake yalikuwa mekundu, na mimi nilimwona, sitasema sikumwona.

"Mama, usiwe na wasiwasi juu ya hilo. Siku hiyo nitang'oa posti kwa mikono yangu. Gari litapita mpaka mlangoni. Maiti hanyimwi njia."

"Asante, mwanangu," mama akasema.

Alimaanisha, wote wawili walimaanisha. Mama akaniambia nimwongezee mgeni chai. Nilipokuwa nammiminia akauliza tena, sasa kwa sauti ya chini, kama anayeomba kitu kidogo asichotaka kikataliwe mbele ya watu:

"Na nikitaka kuja kabla?"

Mwalimu akaangalia mguu wa mama uliofungwa, akaniangalia mimi, akafungua mdomo.

"Utapiga simu, Mama," akasema.